Maswali ya Somo

Mwaka aliokufa Sokoine nilikuwa nikiishi kwa dada yangu, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, katika kijiji cha minazi na wavuvi, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu hadi Bweni. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na mama akanituma nikamsaidie dada kwa kuwa alikuwa mjamzito na shemeji alishinda baharini. Mimba ilikuwa ya kama miezi minne. Fundo la khanga lilishaanza kupanda, na wanawake wa pale walijua, ila hakuna aliyelitamka. Mimba changa haitangazwi. Nililikuta hilo, na bado lipo.

Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984 Redio Tanzania ilikatiza vipindi vyake, Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, mkoani Morogoro. Siku zilizofuata redio ilipiga nyimbo za maombolezo tu. Ndiyo sababu tarehe haijanipotea. Watu walikuwa wamekusanyika barazani kwa mwenye redio, masika yanamwagika, na dada akaniita chumbani akanionyesha doa la kahawia kwenye khanga yake. "Usimwambie mtu," akasema.

Usiku ule doa likawa jekundu. Kiuno kikaanza kumkata, tumbo likafuata, likawa linakaza na kulegea kwa zamu. Kulipokucha damu ilikuwa inatoka kwa mabonge, na siri haikufichika tena. Mama mkwe wake akaingia, akafunga mlango, akanituma maji. Kabla ya adhuhuri kilichokuwa kitoke kikatoka. Nilikiona kwa jicho la pembeni tu, maana mwali hakupaswa kuwepo. Bibi alikifunga katika kitambaa cheupe, akaenda kukizika mwenyewe nyuma ya nyumba. Maumivu yakapungua, dada akalala, na wote tukaona kwamba kilichobaki ni kumpa pole.

Pole alipewa, na wageni hawakukatika. Lakini kila aliyeingia alikuja na swali moja: kwa nini? Alikula nanasi? Alikula papai bichi? Alipita makaburini magharibi? Alibeba ndoo mbili? Alinuniana na nani? Jirani mmoja aliyewahi kumwomba dada chumvi akanyimwa, jina lake likaanza kutajwa kwa minong'ono. Shemeji alirudi kutoka baharini, akalia, kisha ndugu zake wakampeleka kwa mganga kuangaliziwa. Nyumba ikawa haikosi mtu anayetafuta chanzo. Sikusikia hata mmoja akiuliza damu inatoka kiasi gani.

Damu yenyewe ilishapewa hukumu. Wazee walisema kwa kuwa kilichotoka kilikuwa na umbile la mtu, ile ni nifasi, damu ya uzazi, na nifasi kwa kawaida ni siku arobaini, na kwa sisi Mashafi inaweza kufika sitini. Ni hukumu ya sala, funga na twahara, na kwa mambo hayo ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba nyumbani mwetu iligeuka kipimo cha afya. Kama damu imeruhusiwa siku arobaini, nani ataishangaa siku ya nne?

Mimi ndiye niliyekuwa nafua. Vitambaa vilikuwa vipande vya khanga kuukuu, na hata hizo kuukuu zilikuwa haba. Waliokuwepo wanaikumbuka hali ya miaka ile baada ya vita vya Uganda: sukari kwa foleni, khanga kwa foleni, sabuni ikionekana dukani ni habari ya kijiji kizima. Nilifua kwa majani ya mpapai yaliyopondwa na nikavianika ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu vitambaa vya damu ya mwanamke haviwekwi juani watu wakaviona. Katika masika havikukauka. Dada alivaa vitambaa vyenye unyevunyevu, vilivyofuliwa bila sabuni, na kizazi kikiwa bado wazi. Leo naweza kueleza kwa nini hilo ni hatari. Wakati ule nilijua tu kwamba siku ya pili damu ilipungua kidogo, na siku ya tatu ikaongezeka tena, na kwamba maji ya beseni yalibadilika harufu.

Siku hiyo ya tatu maziwa yakaja. Matiti yalijaa, yakawa magumu, na gauni likalowa mbele. Hakuna aliyekuwa amemwambia dada kwamba mwili unaweza kufanya hivyo hata kama mtoto hakufikia kuishi. Alikaa kitandani amejishika kifua, akaniuliza kama nasikia mtoto analia. Mama mkwe alitoka nje akaegemea mnazi akalia peke yake.

Sitaki msomaji amfikirie vibaya bibi yule. Alimkanda mkwewe asubuhi na jioni kwa maji ya moto yenye majani, kama alivyokandwa yeye na mama yake kabla yake. Alimpikia uji wa pilipili manga. Alilala chini kwenye mkeka, miguuni pa kitanda. Yote aliyoyajua aliyafanya kwa mikono yake miwili. Lakini kukanda tumbo ambalo ndani yake kuna kitu kimebaki, na kukibinya mara mbili kwa siku, hakumsaidii mgonjwa, na homa ilipoanza tulikuwa na majina mengi ya kuipa. Wengine walisema ni homa ya maziwa. Wengine wakasema malaria, wakampa klorokwini, na huenda malaria nayo ilikuwepo, maana masika pwani haimsamehe mtu. Alitetemeka hadi kitanda kikalia. Homa ikashuka, ikapanda tena.

Somo wake ndiye aliyefika siku ya nne au ya tano. Kwa asiyejua mila ya pwani, somo ni yule mwanamke anayemfunda msichana anapovunja ungo, anamsindikiza hadi kwenye ndoa, na hubaki wake maisha yote. Somo wa dada alikuwa mama wa makamo kutoka kijiji cha pili, mkunga wa jadi ambaye aliwahi kuitwa kwenye mafunzo ya serikali, akarudi na kisanduku chenye mkasi, uzi na brashi ya kucha. Kwa hicho kisanduku wenzake walimtania. Aliingia, akasalimia, akakaa ukingoni mwa kitanda, na hakuuliza kwa nini.

"Kitambaa hiki umekivaa saa ngapi?"

Dada akasema tangu alfajiri.

"Na kabla ya hiki?"

Dada hakukumbuka. Somo akatazama chumba kizima, macho yakanikuta mlangoni na beseni. "Wewe unayefua, njoo." Nikasogea. Akaniuliza jana nilifua vingapi na leo vingapi. Vimelowa vyote au katikati tu? Mabonge ni ya ukubwa gani, akanionyesha kwa vidole: punje ya kunde, au limau? Rangi inaelekea wekundu au weusi? Inanuka kama damu ya mwezi, au inanuka kama samaki aliyelala? Nilijibu kila swali, kwa kuwa majibu yote nilikuwa nayo siku zote zile. Hakuna tu aliyekuwa ameyataka.

Kisha akamgeukia mama mkwe, kwa adabu kubwa. "Dada yangu, siku ile kilipotoka, kondo ulikiona?"

Bibi akanyamaza kidogo. Akasema aliona mtoto, na mabonge, na hakuangalia zaidi kwa uchungu.

Somo akamvuta dada kope ya chini, akaitazama kwa muda. Akafungua viganja vyake. Akaweka mgongo wa mkono shingoni, kisha kiganja chini ya kitovu, akabonyeza kidogo tu. Dada alipiga ukelele ambao nausikia hadi leo. Somo akatoa mkono, akamfunika.

"Kizazi hakijasafika," akasema. "Kuna kitu kimebaki humo na kimeanza kuoza. Huyu si wangu, na si wako dada yangu. Huyu ni wa hospitali, na ni leo, si kesho asubuhi."

Kulikuwa na ubishi. Shemeji mkubwa alisema dawa ya mganga haijamaliza siku zake. Mwingine akasema mvua. Somo hakupandisha sauti. Aliwaambia kwamba yeye ameshazalisha watoto wa nyumba hii wakiwemo wao wawili, na kwamba hajawahi kuwadanganya. Kitanda cha kamba kikafungwa miti, wanaume wanne wakabeba kwa zamu na wengine, na tukaondoka kufuata njia ya pwani kuelekea Bweni. Tulifika giza limeshaingia. Hatukungoja pantoni; mvuvi mmoja aliyemfahamu shemeji akatuvusha kwa mashua, dada akiwa amelazwa kwenye mbao za chini, Somo akimshika kichwa, taa za mji wa Pangani zikiwa ng'ambo.

Daktari wa zamu hakuonyesha kushangaa, na hilo lilinishangaza mimi. Kumbe mambo haya aliyaona kila wiki. Alimuuliza maswali yale yale ya Somo, karibu kwa mpangilio ule ule, na Somo akasimama pembeni akimjibu kama mtu wa kazi moja. Dada aliwekewa dripu, akachomwa penisilini na sindano nyingine, akaongezwa damu ya mumewe baada ya kuonekana kwamba makundi yanapatana, kisha akaingizwa chumba kidogo akasafishwa kizazi. Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki. Damu ile haikupimwa virusi vya Ukimwi, maana kipimo chenyewe kilikuwa bado hakijafika popote. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wameonekana Kagera mwaka mmoja tu kabla. Mungu alituvusha na hapo bila sisi kujua.

Homa ilishuka kwa siku kadhaa, si kwa mkupuo. Na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wakisimulia habari hizi huishia mlangoni mwa hospitali, wanasema akatibiwa akapona. Kupona kulichukua miezi.

Muuguzi wa wodi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alikaa na dada siku ya kuruhusiwa akamweleza yaliyokuwa mbele. Damu itaendelea kidogo kidogo wiki moja, pengine mbili, ikielekea kuwa ya kahawia na kukoma. Ikirudi nyekundu na nyingi, arudi. Asiweke kitu chochote ukeni, wala dawa ya kujisafishia wala majani, na asikutane na mumewe hadi damu iishe na yeye mwenyewe awe tayari. Hedhi itarudi baada ya wiki nne hadi sita au nane, na ya kwanza inaweza kuwa nzito. Na akamwambia jambo ambalo dada hakulitegemea: kwamba anaweza kushika mimba nyingine kabla hata ya kuiona hedhi hiyo, kwa sababu yai hutangulia. Akampa vidonge vya chuma na foliki, akamwonya kuwa choo kitakuwa cheusi asiogope.

Alikiogopa hata hivyo. Nami nilikiogopa. Lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa uchovu. Mtu aliyepoteza damu kiasi kile hairudishi kwa wiki. Mwezi mzima hakuweza kubeba ndoo ya maji bila moyo kumwenda mbio, na akipanda kilima cha kisimani alikaa njiani. Midomo ilikuwa myeupe. Na kwa kuwa alishatoka hospitali, watu walimhesabu mzima, na uchovu wake ukaanza kuitwa uvivu. Mama mkwe ndiye aliyewanyamazisha. Alianza kumpikia matembele na dagaa kila siku, na maini yalipopatikana mnadani alimwekea yeye peke yake, mbele ya watoto wake wa kiume. Hakuzungumza tena juu ya yaliyopita. Ila siku moja nilimwona ameketi na Somo ukumbini, anamuuliza polepole kondo kamili hufananaje, na Somo anamweleza kwa mikono.

Dada alipata mtoto wa kiume mwaka 1986, na wengine baadaye.

Mimi nilikuja kuwa muuguzi mkunga. Si kwa sababu ya usiku ule wa mashua. Nafasi ya masomo ilitokea, baba mdogo akanisimamia, nikaenda. Lakini kazini nilijikuta nikiuliza maswali ya Somo kwa maneno yake hasa, limau na kunde, kwa kuwa mgonjwa wa kwetu hana kikombe cha kupimia damu, ana vidole na kitambaa.

Nikajifunza kwamba yaliyompata dada si ajabu wala si laana. Katika mimba kumi zinazojulikana kuwa zimeingia, moja au hata mbili huharibika, na nyingi huharibika kabla ya miezi mitatu kutimia. Mara nyingi chanzo ni kasoro iliyokuwepo tangu yai lilipotunga, katika mpangilio wa vinasaba, jambo lisilohusiana na nanasi wala jirani aliyenyimwa chumvi. Kubeba ndoo hakuiangushi mimba iliyo salama. Malaria inaweza, na kaswende inaweza, na ndiyo maana kliniki huwapima wajawazito damu na kuwapa vidonge vya kinga. Mwanamke aliyeharibikiwa mara tatu mfululizo anastahili uchunguzi wa kina, yeye na mumewe. Aliyeharibikiwa mara moja, uwezekano mkubwa ni kwamba inayofuata itakaa.

Nimeona pia matibabu yakibadilika. Kile chuma cha kukwangua alichosafishiwa dada kimeachiwa nafasi na bomba la plastiki la kufyonza kwa mkono, ambalo ni salama zaidi na halihitaji chumba kikubwa cha upasuaji. Baadaye zikaja dawa za kumeza au kuweka chini ya ulimi zinazokifanya kizazi kijikaze na kutoa kilichobaki. Misoprostoli iliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo mwaka 2009. Na wapo wengi ambao hawahitaji chochote kati ya hivyo. Mimba ya wiki sita au nane ikitoka yote, mwili humaliza kazi yenyewe, na kazi yetu ni kuhakikisha kwamba imetoka yote. Nasema hivi ili nisimtie hofu kila mwanamke anayesoma. Kutoka damu baada ya mimba kuharibika ni kawaida. Siku moja au mbili nzito, kisha ipungue kila siku kuliko jana. Maswali ya Somo ya kwanza yalitafuta hilo: inaelekea wapi?

Ikielekea kuongezeka, usingoje. Ukilowesha pedi mbili kubwa ndani ya saa moja, na saa inayofuata ikawa hivyo tena, uko hatarini hata kama huna maumivu. Mabonge makubwa kama limau, yakija moja baada ya jingine, ni vivyo hivyo. Kizunguzungu ukisimama, jasho la baridi, moyo kwenda mbio ukiwa umelala, midomo na viganja kupauka: mwili unakwambia damu imepungua. Homa na kutetemeka, usiiite malaria kabla ya kupimwa, na hata ukikutwa na malaria, mwambie anayekupima kwamba mimba iliharibika wiki hii. Harufu mbaya, au usaha. Tumbo la chini linalouma zaidi leo kuliko jana, au linalouma likiguswa. Damu inayopita wiki mbili bila dalili ya kukoma.

Kuna jingine ambalo Somo hakuliuliza kwa sababu dada hakuwa nalo. Nimempokea mara zaidi ya moja mwanamke aliyedhani mimba yake imetoka kwa kuwa aliona damu kidogo, lakini maumivu yamekaa upande mmoja wa tumbo, na bega linamuuma bila kuanguka wala kubeba kitu, na anazimia. Huyo mimba imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Damu yake inamwagikia ndani, kitambaa hakionyeshi. Huyo hangoji hata chai.

Na walio na kundi la damu hasi, kwetu ni wachache lakini wapo, waulize juu ya sindano ya kuzuia mwili usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto ajaye. Inafaa ichomwe ndani ya saa 72 tangu mimba ilipoharibika.

Nimefanya kazi sehemu kadhaa, na nitasema lililoniuma bila kutaja pahala. Katika hospitali moja nilimsikia mwenzetu akimuuliza msichana anayevuja damu, mbele ya wagonjwa wengine, "Umeitoa na nani?" Yule msichana alikuwa ameolewa, mimba aliitaka, lakini hata kama isingekuwa hivyo, swali lile lilikuwa la mahakamani na si la wodini. Aligeuza uso ukutani, na kila jibu tulilolihitaji, la kitambaa na harufu na saa, halikutoka tena. Wanawake wanaogopa kuja kwa sababu ya swali lile. Wanakaa nyumbani na homa wakihofia polisi. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika si kosa kwa daktari, na kutibiwa ni haki yake bila kujieleza kwa mtu. Wanaouliza kwa nini ni wale wasioweza kumsaidia. Anayemtibu hatakiwi kuwa mmoja wao.

Mwaka juzi binti wa dada, yule aliyezaliwa baadaye, alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mama mdogo." Sauti tu ikaniambia. Mimba ya wiki tisa ilikuwa imetoka siku kumi kabla, hakumwambia mama yake, na alikuwa amejipima kwa kile kipimo cha dukani kikaonyesha mistari miwili. Alidhani mimba bado ipo, au kuna kilichobaki. Nikamuuliza maswali ya Somo moja moja. Damu imekoma tangu jana, haina harufu, homa hana, tumbo halimuumi, anakula. Nikamwambia homoni ya mimba hubaki mwilini wiki mbili hata tatu au nne, kipimo kinaweza kumdanganya kipindi chote hicho. Ajipime tena wiki ya tatu, na kikiendelea kuonyesha baada ya ya nne, aende kupigwa picha ya altrasaundi. Baadaye kilionyesha mstari mmoja. Katika simu ile aliniuliza pia asubiri muda gani kabla ya kushika mimba nyingine. Zamani tulifundishwa kusema miezi sita, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri hivyo tangu 2005. Tafiti za baadaye hazikuona madhara kwa wanaowahi zaidi. Nikamwambia asubiri hedhi moja irudi, damu yake ipimwe isiwe pungufu, na moyo wake ukubali. Akalia hapo kwenye neno moyo, nikamwacha alie. Kisha nikamwambia kwamba huzuni hiyo ina haki ya kukaa wiki kadhaa, lakini ikimnyima usingizi na chakula mwezi mzima, au ikimletea mawazo ya kujidhuru, nayo ni dalili ya kwenda hospitali kama homa ilivyo dalili.

Nilipotaka kuandika haya nilimwomba dada ruhusa. Ana wajukuu sasa, na bado anaishi pwani ile. Nilimsomea kwa simu, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, nikasikia tu kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Umeandika kondo na homa na mashua. Yale nilishayasahau. Maziwa umeyapitia mbio. Waambie maziwa."

Basi nawaambia. Mimba ikiwa imefika kama miezi minne, na wakati mwingine kabla ya hapo, matiti yanaweza kujaa maziwa siku ya pili hadi ya nne baada ya kuharibika. Mwanamke aambiwe usiku ule ule wa kwanza, kabla hayajaja, na mtu anayempenda. Avae sidiria inayomshika vizuri au ajifunge khanga kifuani, isimbane hadi apumue kwa shida. Kitambaa kilichochovywa maji ya baridi kinatuliza, na panadoli inatuliza. Asiyakamue hadi yaishe, kwa kuwa mwili ukiona yanatoka huongeza mengine. Akizidiwa na maumivu akamue kidogo tu apate nafuu. Ndani ya wiki moja hivi hupungua, ingawa matone yanaweza kuendelea zaidi. Titi likiwa jekundu mahali pamoja, la moto, na homa ikaja nalo, hapo kuna maambukizi na anahitaji dawa ya hospitali siku hiyo hiyo.